Maswali kwa Fundi wa Matanga: Nyaya Kwanza, Tanga Baadaye

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaotengeneza vyombo kabla kaskazi haijashika. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake huulizwa kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu keshapewa jibu la hatari kabla hajafika kwangu.

Fundi, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tumenunua yoti ya faibagilasi, urefu mita 10, mlingoti wa alumini. Iko nangani Msasani Bay, Dar es Salaam. Tanga kuu limefumuka mishono na tanga la mbele limechoka. Nyaya za mlingoti ni za stenlesi na aliyetuuzia hakumbuki zilifungwa lini. Tunataka Desemba tuanze kupeleka wageni kisiwani Mbudya, baadaye Zanzibar. Fedha zetu zinatosha matanga mapya au nyaya mpya, si vyote viwili. Fundi mmoja katuambia tununue matanga, kwa kuwa stenlesi haiozi. Wewe unasemaje?
*Vijana watatu, Msasani*

Marahaba, wanangu, na hongereni kwa chombo. Nunueni nyaya.

Hilo la stenlesi haiozi linaaminiwa na watu wengi wazuri, na linaweza kuua. Tanga likichanika katikati ya mkondo wa Zanzibar mtalitua, mtawasha mashine, mtafika mmechelewa na mmechoka. Waya wa ubavuni ukikatika upande unakotoka upepo, mlingoti hauna tena cha kuushika. Unakwenda chini na tanga lake, kapi zake na boriti yake, ule mti unaonyoosha tanga chini, na hapo chini wamekaa wageni wenu na watoto wao.

Stenlesi hujilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi ya kromiamu. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe, mradi inapata hewa. Mahali palipozibwa, maji ya chumvi yakaingia na hewa isipite, hairudi, na kutu inachimba kuelekea ndani wakati nje bado panang'aa. Kwa hiyo msikague katikati ya waya. Kagueni ncha, na hasa ncha ya chini, kwa kuwa chumvi huteremka na waya, ikaingia katika kile kichwa kilichobanwa kwa mashine na kukaa humo. Kiosheni kwa maji yasiyo na chumvi, mkikaushe, mkitazame kwa kioo cha kukuzia. Ufa mwembamba unaofuata urefu wa kichwa, au mchirizi wa kutu unaorudi siku chache baada ya kuusugua, maana yake waya huo umekwisha. Kisha piteni na kipande cha pamba kwenye waya wote. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Uzi mmoja tu kati ya 19 unatosha kuuondoa waya kazini.

Halafu fungueni mbao za ndani ya kibanda mtazame yale mabamba ya chuma yanayoshika nyaya mahali yanapopenya deki. Hapo ndipo watu hawafiki. Bamba linaweza kung'aa juu ya deki na kung'aa chini ya deki, na sentimita mbili za katikati, zilizozungukwa na silikoni ya zamani na maji yaliyolala, zikawa zimeliwa nusu. Likionyesha rangi ya kahawia, litoeni lote mlione. Kuweka waya mpya juu ya bamba bovu ni kupoteza fedha mara mbili.

Mafundi wengi wa nyaya, na makampuni ya bima, hushika miaka 10 hadi 12 kuwa ndio mwisho wa waya wa namna hii, hata ukionekana mzima. Waya ambao mwenyewe hakumbuki umri wake uhesabuni kuwa umepita.

Kariakoo mtaonyeshwa waya wa stenlesi na bei itawavutia. Ulizeni daraja la chuma na mpangilio wa nyuzi. Daraja liwe 316. Hiyo ina molibdenamu, na ndiyo inayostahimili chumvi kuliko 304 inayotumika kwenye vizuizi vya ngazi. Muuzaji akitoa sumaku awathibitishie, msikubali, kwa sababu sumaku haizitofautishi hizo mbili. Takeni cheti cha kiwandani. Mpangilio uwe 1x19, yaani nyuzi nene 19 zilizosokotwa mara moja. Ule laini wa 7x19 hurefuka zaidi ukivutwa, na mlingoti hautatulia. Unene pimeni kwa vernia, kile kipimo cha taya. Waya wa inchi robo, yaani milimita 6.35, ulioko kwenye boti nyingi za Marekani, kwa macho hauachani na wa milimita 6, lakini vichwa vyao haviingiliani. Wa milimita 6 ukiwa mpya hukatika kwenye karibu tani 3.

Vichwa ningewachagulia vya kufunga kwa spana, kama Sta-Lok. Havihitaji mashine ya kubana, mnavifunga wenyewe pale pale nangani, na siku za mbele vinafunguliwa na kutumika tena kwa kubadilisha ile koni ya ndani. Kabla ya kukaza mwisho, jazeni silikoni ndani mpaka ichuruzike, ili maji yasipate pa kulala.

Kreni hamhitaji, kama mlingoti wenyewe ni mzima na tako lake halijaliwa. Subirini asubuhi isiyo na upepo, kabla upepo wa baharini haujaamka. Fungeni jarari ya akiba, yaani kamba ya kutwekea tanga, kutoka kileleni hadi ubavu ule ule, ikazeni, ndipo mtoe waya mmoja, mpime, mkate mpya, mfunge. Kisha wa pili. Kwa waya wa mbele tumieni jarari mbili hadi omo, yaani mbele kabisa ya chombo. Msitoe nyaya mbili kwa mpigo, hata kama zimefanana, hata kama jua linazama. Vikazio, zile skrubu za kukazia nyaya, viacheni katikati ya mwendo wake, ili mbaki na nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Kila kotapini, ile pini ndogo ya miguu miwili inayozuia pini kubwa isitoke, iwe mpya, miguu yake mkiipanua kidogo tu. Kuikunja hadi ikumbatie pini kunaidhoofisha. Na kila skrubu ya stenlesi inayoingia kwenye alumini ipakeni dawa ya kutenganisha metali, Duralac au Tef-Gel, maana metali hizo mbili zikikutana kwenye chumvi, alumini ndiyo huliwa.

Sasa kukaza. Kuna kipimo chake maalumu, lakini mkikikosa msipige waya kwa kidole na kusikiliza. Chukueni ufito ulionyooka wa mita 2. Waya ukiwa umekazwa kwa mkono tu, fungeni ncha ya juu ya ufito kwenye waya kwa tepu, na ncha ya chini wekeni alama kwenye waya. Mnapokaza, waya unarefuka na alama inaachana na ufito. Kwa waya wa 1x19, kila milimita 1 katika mita 2 ni asilimia 5 ya nguvu ya kuukata. Nyaya za ubavuni zinazofika kileleni, kwa chombo kama chenu, zipelekeni milimita 3, ambayo ni asilimia 15. Kazeni kidogo kulia, kidogo kushoto, mkichungulia mfereji wa tanga kutoka chini hadi juu mhakikishe mlingoti umenyooka. Mkishatweka, chombo kikilala digrii kama 20, waya wa upande wa demani, yaani upande upepo unakokwenda, uwe umelegea kidogo mkononi bila kuyumbayumba. Waya mpya hutulia baada ya safari za mwanzo, kwa hiyo rudieni kipimo kabla hamjapakia mgeni yeyote. Na huyo mgeni wa kulipa hapandi mpaka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wamekagua chombo.

Matanga je? Mnasema tanga kuu limefumuka mishono. Hiyo ni habari njema kuliko mnavyodhani. Hapa tuko digrii 7 tu kusini ya ikweta, na jua huula uzi kabla ya kitambaa, kwa sababu uzi umekaa juu juu. Shikeni kitambaa karibu na ukingo wa nyuma mjaribu kukichana kwa vidole vyote. Kikikataa, tanga lina maisha bado. Lipelekeni kwa fundi wa maturubai mwenye mashine ya kushona zigizaga, arudie kila mshono kwa uzi wa poliesta wa V-92. Asitumie pamba wala nailoni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na tanga jipya, na litawavusha kaskazi hii. Tanga la mbele lifanyieni jaribio hilo hilo. Likichanika mkononi, anzeni na tanga kuu peke yake na mashine, na safari ziishie Mbudya.

Mapya mtaagiza baada ya nyaya kukazwa, na hapa sitaki mbadilishe mpangilio. Mlingoti ukikazwa kwa nyaya mpya unaweza kuegemea mahali pengine na kupinda tofauti, na tanga lililokatwa kwa vipimo vya zamani litakuwa na mikunjo ambayo hakuna kamba itakayoiondoa. Mjomba wangu, aliyenifundisha kushona matanga ya mashua kule Kunduchi kabla sijaingia kwenye yoti, hakugusa kitambaa mpaka mlingoti umesimama na kamba zake zote zimekazwa. Fungeni tepu ya chuma kwenye shakeli ya jarari, itwekeni hadi mwisho, msome chini kwenye pini ya goshi, yaani pembe ya chini ya mbele ya tanga. Someni mara mbili, wasomaji wawili tofauti. Pimeni na boriti, toka pini hiyo hadi mwisho wa tanga. Pimeni vile vitelezi vya mlingotini, upana na unene, maana tanga likija na vitelezi visivyoingia kwenye mfereji mtakaa nalo chumbani.

Kwa mita 10, na kwa kusi ya kwetu, kitambaa cha poliesta cha gramu 300 hadi 340 kwa mita ya mraba kinafaa, kilichoshonwa mapande ya kukingama. Ombeni mistari miwili ya kupunguzia tanga, yote ya kupunguza sehemu kubwa. Vitambaa vya mbio vyenye plastiki ndani waachieni wenye mashindano, kwani jua la hapa litavimaliza upesi. Na agizeni kifuniko siku ile ile mnayoagiza tanga.

Salaam Fundi. Nimeletewa tanga la mbele lililotumika, kutoka kwa rafiki aliyeuza boti yake Cape Town. Kitambaa kizuri sana. Tatizo ni rola ya kukunjia: tanga linafunguka vizuri, lakini wakati wa kulikunja rola inakwama na kamba inakuwa nzito. Kijana wangu huimaliza kwa winchi. Tatizo ni nini?
*Daktari mstaafu, Oysterbay*

Daktari, naomba winchi isiguse kamba hiyo tena hadi umalize kusoma.

Rafiki yako alikuwa na mlingoti mfupi kuliko wako. Tanga lake likipanda kwenye waya wako wa mbele, kichwa chake hakifiki juu. Hapo kipande kirefu cha jarari hubaki kati ya kichwa cha tanga na gofia ya kileleni, yaani gurudumu la kamba, kikienda sambamba na waya. Mnapokunja, rola inazunguka, na jarari, badala ya kubaki imesimama, inajizungusha kwenye waya. Kijana anaona uzito, anatia winchi, na winchi ina nguvu za kutosha kufumua nyuzi za waya wa mbele pale juu ambapo hakuna anayepaona. Milingoti imeanguka hivyo.

Mtu apande na kamera ya simu apige picha ya kileleni tanga likiwa limetwekwa. Jarari iende kwenye gofia kwa pembe ya digrii 8 hadi 10 kutoka kwenye waya wa mbele. Ikiwa karibu sambamba, umepata jibu. Dawa yake ni kuongeza kipande cha waya au kamba isiyorefuka kati ya kichwa cha tanga na kile kitelezi cha juu cha rola, ili kitelezi kipande hadi karibu na mwisho wa mfereji huku tanga likibaki na urefu wake. Tweka kitelezi kitupu hadi juu, pima nafasi hadi pini ya chini, toa urefu wa ukingo wa mbele wa tanga, toa na nafasi kidogo ya kulinyoosha. Kilichobaki ndio urefu wa kipande hicho. Kishonewe kabisa kichwani pa tanga, mtu asije akakisahau siku ya kulifua.

Mkiwa huko juu, tazameni nyuzi za waya wa mbele zilipoingia kichwani. Winchi imekwisha kufanya kazi hapo, na kama kuna uzi uliofunuka, waya huo ubadilishwe kabla ya tanga kupanda tena.

Na jambo dogo: ule ukanda wa kitambaa cha jua pembeni mwa tanga lazima uwe nje tanga likiwa limekunjwa. Boti mbili zinaweza kuwa na rola zinazozunguka pande tofauti. Ukiona ukanda umeingia ndani, geuza namna kamba ilivyozungushwa kwenye rola.

Fundi, habari za kazi. Mwanangu wa kiume, miaka 21, amepata kibarua kwenye yoti huko Msasani. Kazi yake mojawapo ni kuvutwa juu ya mlingoti kwa kamba kubadilisha taa na kutazama nyaya. Nimekosa usingizi. Kuna salama gani katika kazi hiyo?
*Mama, Kigamboni*

Dada yangu, hofu yako ni ya haki, na kazi hiyo ina usalama wake ukifuatwa. Mpe mwanao asome hapa.

Kijana, upandishwe kwa kamba mbili, kila siku, bila kujali haraka ya mtu. Moja inabeba kiti unachokalia, ya pili imefungwa kwenye mkanda wa mwili wako na inavutwa na mtu wa pili. Kila kamba ifungwe kwa fundo, tena ulifunge wewe mwenyewe. Shakeli za kubonyeza zinafaa kwa tanga, hazifai kwa mtu. Kabla ya kuinuka, ning'inia nusu mita juu ya deki urukeruke kwa uzito wako wote. Jarari iliyochoka na iachie hapo.

Usipande kwa jarari inayopita kwenye kapi iliyofungwa nje ya mlingoti kwa shakeli moja. Usivutwe kwa winchi ya umeme, maana mashine haijui kidole wala mguu uliobanwa. Anayekushusha azungushe kamba kwenye winchi mizunguko isiyopungua mitatu na asiwe na simu mkononi. Vifaa vyako vyote vifungwe kwa uzi kwenye kiti, na chini yako pasikae mtu, kwani spana ikianguka mita 13 inaua. Chagua saa ambayo boti za abiria ziendazo kasi hazipiti. Wimbi dogo linalotikisa deki, huko juu linakurusha kama jiwe la kombeo.

Mlingoti ambao waya wake umelegezwa au umetolewa, na hakuna jarari ya akiba iliyokazwa mahali pake, usiupande kamwe. Kama mwenye chombo hataki kununua kamba ya pili, mwambie kwa heshima kuwa utapanda itakapopatikana. Una haki ya kusema hivyo, na mwenye chombo mwenye akili atakushukuru. Akikufukuza kwa hilo, njoo unione. Nahitaji vijana wanaojua kukataa.

Asalaam aleikum Fundi. Nimepewa bure tanga la mbele la yoti, kubwa, la poliesta. Nataka kulikata liwe tanga la mashua yangu. Inawezekana?
*Mvuvi, Kunduchi*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Inawezekana, na likikatwa vizuri litadumu kuliko turubai.

Kwanza ondoa ukingo wa nyuma uliokuwa unabaki nje tanga likikunjwa. Kata mkanda wa kama sentimita 40, ukifuata mstari ule ule, kisha jaribu kuchana kitambaa kilichobaki. Kikichanika, kinafaa kufunikia samaki tu. Kikikataa, endelea.

Katika tanga la yoti lililoshonwa mapande ya kukingama, nyuzi zenye nguvu zinafuata ukingo wa nyuma. Tanga lako la mashua nalo huvutwa zaidi ukingo wa nyuma, kutoka ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga juu, hadi kwenye demani, pembe yake ya chini ya nyuma. Kwa hiyo nyuma iwe nyuma. Ukiligeuza ili lienee vizuri kwenye kipande ulichonacho, litavutika tumbo baya katika msimu wa kwanza wa kusi.

Poliesta hailegei na kujipatanisha na foromali kama marikani, kile kitambaa cha pamba, inavyofanya. Ukingo unaofungwa kwenye foromali lazima ukatwe kwa kufuata mpindo wa foromali yenyewe ikiwa kazini. Iinue kwa jarari, ning'iniza mizigo miwili ya mchanga kwenye ncha zake mpaka ipinde kama inavyopinda baharini, piga kamba iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha, pima mwachano kila mita moja. Vipimo hivyo hamishia kwenye kitambaa. Kata kwa kisu kilichopashwa moto ili kingo ziungane zisifumuke, na ushone kamba ya poliesta kuzunguka tanga zima kabla hujatia macho ya shaba.